Usiku wa Kumi na Nane

Mayai ishirini na manne, ya buluu
kama maji yaliyofuliwa kanga mpya ikachuja.
Kuku wetu wa Chiloé, wale wasio na mkia, hutaga hivyo.
Wageni kutoka Santiago hudhani tunayapaka rangi.

Rosamel aliyatia alama kwa penseli yake ya useremala,
msalaba upande huu, duara upande ule, huku akinuna:
"Kuku ana kifua. Hili lina waya."
Hili, yaani sanduku la povu lililobeba samoni,
balbu moja, feni niliyoing'oa kwenye kompyuta mbovu ya mpwa wangu Yasna,
na kikombe cha maji cha kuleta unyevu.
Likipata joto bado linanuka samaki.

Koo wangu wa mwisho aliyejua kuatamia
aliliwa na mbwa wa jirani mwezi Agosti.
Waliobaki hutaga wakaenda zao.

Digrii thelathini na saba na nusu:
nililala na namba hiyo, nikaamka nayo.
Mara tatu kwa siku, msalaba juu, duara juu, msalaba.
Saa tisa za usiku nilisikia mbao za sakafu zikilia.
"Naenda msalani," alisema Rosamel.
Asubuhi maduara yote yalikuwa juu,
na si mimi niliyeyageuza.

Siku ya saba tuliyamulika kwa tochi.
Ganda la buluu halikubali upesi,
ni kuchungulia dirisha lenye ukungu.
Kisha mishipa, myekundu, imetawanyika
kama mito kwenye ramani ya shule,
na katikati nukta nyeusi, inaruka.
"Linatuona?" aliuliza.
Matano hayakuwa na kitu. Mayai viza. Niliyatoa.

Usiku wa kumi na nane upepo ulitoka kaskazini
na bati la don Eleuterio likapita juu ya uzio wetu.
Saa nne umeme ukakatika.
Sikuwa nimejua feni ile ina kelele kiasi gani
mpaka iliponyamaza.
Thelathini na sita. Thelathini na tano.
Nikachochea jiko la kuni, nikajaza chupa maji ya moto,
nikatandika beseni kwa manyoya ya kondoo ambayo sijayasokota.
Kumi na sita yakaenea. Matatu yakakosa nafasi.

Rosamel akafungua vifungo vya shati.

Alikaa wima kitini hadi saa kumi na mbili,
hakukohoa hata mara moja,
mtu mwenye kikohozi cha miaka arobaini.
Mimi na yeye hatukujaliwa.
Hatujalitaja jambo hilo tangu tuliponunua jiko hili,
na usiku ule pia hatukulitaja.
Nilitia kuni. Yeye alihema polepole.

Siku ya ishirini na moja, kimya.
Ya ishirini na mbili, ufa, kisha tundu
dogo kama tundu la sindano ya magunia.
Kifaranga hutoboa, halafu hupumzika nusu siku,
nasi tunaumia nje.
"Usimsaidie," nilimwambia Rosamel, nikamshika kidole.

Walitoka kumi na mmoja, walowevu, wabaya wa sura.
Mmoja alifia mlangoni, mdomo nje.
Rosamel alimzika chini ya mtufaha, bila kuniita.
Yale matatu ya shatini hatujui ni yapi;
alisahau kuyatia alama.
Au hakusahau.

Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura:
tayari wamechanachana gazeti la Jumapili.
Lakini jana, nikitoka kuanua nguo,
nilisikia nyuma ya banda mtu akiwaita,
ku, ku, ku, sauti nyembamba
ambayo sijawahi kuisikia ndani ya nyumba hii.

Mayai saba bado yamo sandukuni.
Nilitaka kuyatupa.
"Siku moja tu," alisema Rosamel.
Leo ni ya nne, na balbu inawaka.